Espreso ya Sigiri: Kahawa Kali Bila Kuuza Mbuzi

Wasee wa Mvara, huku West Nile, tuelewane mapema: mimi sijaomoka. Keja yangu iko kwa ile njia ya kuteremka kutoka kanisa kuu la Emmanuel, chumba moja, pazia katikati, na shelfu ya mbao imebeba kila kitu, kuanzia mafuta ya kupika hadi mafuta ya nywele. Lakini kila asubuhi nakunywanga espreso, na sijawahi kukopa doh ya mtu juu yake. Mabeste wakisikia harufu wanauliza mashine niliitoa wapi. Hakuna mashine. Kuna sigiri.

Hii tabia nilirudi nayo kutoka Nairobi. Nilikaa Umoja miaka tatu, nikashika Sheng, nikashika na kahawa ya kakikombe kadogo, ile unamaliza kwa mafunda tatu halafu macho inafunguka kama geti ya shule. Kufika huku nikapata chai ya maziwa ndio rais, na kahawa ni ile ya kopo, unakoroga tu. Manze hiyo kitu inauma, juu Zombo si mbali. Shika barabara ya Nebbi, panda hadi Paidha, hiyo milima ya Okoro ni Arabika kila mahali. Gunia zinateremka kwenda Kampala, sisi tunabaki kukwangua kopo.

Kwanza nilikuwa niingie box ya mashine. Kampala niliona moja inang'aa, kwa boksi wameandika baa 15 kwa herufi kubwa. Baa hapa si ile ya kukunywa bia, ni kipimo cha presha. Moja ni karibu sawa na hewa inayokukalia kichwani saa hii. Espreso yenyewe inataka 9 tu. Unaweka kama gramu 18 za unga, maji moto inasukumwa hapo kwa nguvu, sekunde 25 hadi 30 unatoa kitu gramu 36 hivi, nzito, na povu ya kahawia juu. Hiyo 15 ni pampu inajigamba.

Nikageuza boksi nikacheki chini: wati 1,300. Hapo ndio nilitulia. Solar yangu ya bulb tatu na kuchaji simu haiwezi hata kuipasha joto. West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa 2024. Kabla ya hapo ilikuwa jenereta na kale kabwawa ka Nyagak, megawati 3.5, kenye kako huko huko Zombo kwenye kahawa inatoka. Saa hii stima iko, sawa, lakini mimi sitaki asubuhi yangu ikae ikingoja waya.

Za kapsuli sahau kabisa. Mashine wanakuuzia rahisi, halafu wanakukula polepole kwa kapsuli, na zikiisha unangoja basi ya usiku kutoka Arua Park, kule Kampala. Kuna zile za kukandamiza kwa mikono, kama Flair: hazitaki stima, na zinafika baa 9 kwa misuli yako mwenyewe. Hizo ni moto, siwezi danganya. Lakini zinataka unga laini na sawasawa hadi punje ya mwisho, na kisagio cha kutoa unga kama huo kinaweza kula doh kuliko hiyo Flair. AeroPress pia ni fiti, ile ya plastiki ilitoka 2005, ila kwangu inatoa kahawa safi sana, kahawa ya mtu wa ofisi.

Nikabaki na moka. Ile ya aluminiamu, kiuno chembamba, pembe nane, Bialetti alianza kuitengeneza Italia 1933. Maji chini, unga katikati, kahawa inapanda juu. Presha yake haivuki sana baa moja na nusu, kwa hivyo kisheria si espreso. Mtaliano akisikia ukiiita hivyo atakuangalia vibaya, na yeye mwenyewe anayo jikoni. Kwa ulimi wangu inatosha, na inasamehe. Hata unga wa kutwangwa kwa kinu, wenye punje kubwa kubwa, inautoa na heshima. Flair ingeutema.

Sasa, moka haikuzaliwa kwa makaa. Siku ya kwanza niliiweka moja kwa moja kwa sigiri imewaka nyekundu. Ni ndogo, ikapita kati ya vyuma ikalala kando, na mkono wake wa plastiki ukaanza kuteremka kama mshumaa. Hadi leo huo mkono una kidole kimoja kimepinda, wageni wanafikiria ni dizaini. Saa hii nafanya hivi. Makaa yakishakolea nayafunika na jivu, halafu naweka kikaango kizee juu, halafu moka juu ya kikaango, mkono ukiangalia nje ya moto. Maji namwaga ikiwa tayari moto, chini ya kale kavalvu ka pembeni, kasifunikwe, juu hako ndio kanatoa presha ikizidi. Unga najaza hadi ukingoni, nasawazisha na kidole, sikandamizi. Kifuniko wazi. Kahawa inatoka kwanza polepole kama asali, nyeusi, halafu inaanza kupauka. Ikianza kukoroma, toa moto, haraka, na kitako ukiingize kwa bakuli ya maji baridi. Ukiingoja imalize kukoroma unakunywa majivu.

Ukinunua, cheki hako kavalvu kwanza. Zile feki za bei ya karanga zingine zinakuja kameziba, na hiyo si moka tena, ni bomu. Na chukua ringi ya raba ya ziada siku hiyo hiyo, juu ikikauka presha yote inatokea shingoni.

Doh inayobaki peleka kwa kahawa yenyewe. Mimi natuma msee wa Paidha aniletee mbichi iliyokobolewa, nachanganya na Robusta kidogo, kama fungu moja kwa mbili. Kuna watu wanaidharau Robusta. Wajue hii miti ni mwenyeji wa Uganda, ilimea porini kabla mtu hajachora mpaka. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya Arabika, na povu nzito Wataliano wengi wanaitafutia hapo hapo. Hata siku ukitengeneza ya kumwagia maji, Mvara tumebarikiwa. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yetu yanachemka kama digrii 96, na hapo ndipo kahawa inapenda. Wa Mombasa lazima angoje yapoe kidogo. Sisi tunamwaga tu.

Kukaanga nilifunzwa Koboko, na haboba mmoja wa Kinubi, yaani bibi mzee, anauzanga gahawa ya tangawizi kwa jebena, birika yao ya kahawa. Kikaango, moto wa wastani, mkono haupumziki. Punje zinakuwa manjano, zinanukia mkate, halafu zinapasuka kama bisi. Hapo wengine wanatoa. Haboba anaendelea hadi nyeusi inayong'aa. Yeye anatwanga moto moto. Mimi nazilaza siku mbili kwa mkebe, zipumue.

Juzi nikampelekea hiyo moka ajionee. Aliigeuza, akagonga kitako na kucha, akauliza hiki kidole kilichopinda ni cha nini. Nikapika kwa sigiri yake. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Kali," akasema. "Kali kweli, mwanangu. Tangawizi imeenda wapi?"

"Hii haiwekwangi tangawizi, haboba."

Akaangalia watu sita waliokuwa wamekaa kwa benchi yake wakingoja, akaangalia ka-moka kangu ka vikombe tatu, na hivyo vikombe ni vya Kitaliano, vyote pamoja havijazi kikombe kimoja cha chai.

"Na hawa watakunywa nini?"

Saa hii natafuta moka ya vikombe kumi na mbili. Ukisikia yenye bei ya mtaa, nitafute.