Je, Wajua? Jicho lililoahirisha pambano la Kinshasa

Pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974. Siku chache kabla, kiwiko cha mwenzake wa mazoezi kilimpasua Foreman juu ya jicho la kulia. Pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba ili kidonda kipone. Ali alishinda raundi ya 8.

Je, wajua pia kwamba:

• Pua ikitoka damu hupaswi kuinua kichwa, kwani damu huteremka kooni? Kaa, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia.

• Jino la utu uzima lililong'oka laweza kurudishwa? Usiguse mzizi. Litie kwenye maziwa, umwahi daktari.

• Bendeji chini ya glavu hulinda mifupa ya kiganja, ambayo huvunjika ngumi inapotua vibaya?

• Kofia ya ndondi hupunguza michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika? Aliyeduwaa baada ya pigo asirudi ulingoni siku hiyo, hata akiapa kuwa ni mzima.

Makocha wa Kasongo na Kabambare, kabla ya mazoezi wekeni karibu maji safi, sabuni, vitambaa safi na bendeji. Mchezaji akitapika, akisinzia ovyo au akipata degedege baada ya kupigwa kichwani, msingoje kupambazuke: mpelekeni hospitali mara moja.