Maji ya rejeta hayapotei bure

Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua. Maneno haya huambiwa binadamu, lakini mwenye gari kuukuu la dizeli angeyabandika mbele ya usukani angepata faida. Maana gari la namna hiyo huanza kuugua kwa ishara ndogo ndogo: leo linataka kibaba kimoja cha maji, kesho viwili, na mwenyewe hutia tu asiulize yanakokwenda. Siku linapochemka mlimani, limejaa watu au mzigo, ndipo husema kwamba gari limemtenda. Gari halikumtenda. Lilimwambia kila asubuhi, naye hakusikia.

Haya niliyaona wazi nilipokwenda Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, kufuata habari za wachongaji. Sisi watu wa pwani twaijua Tabaka bila ya kuijua. Yale mawe laini ya rangi ya maziwa na waridi, yauzwayo Mombasa na Malindi yakiwa vifaru, visahani na vindege, kwao ni huko. Huchimbwa kwa sururu, yakachongwa, kisha akina mama wakayasugua kwa msasa na maji mpaka yakateleza. Mchongaji Elkana Ong'esa ni mwana wa nchi hiyo, na ndege wake wa amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini jiwe haliendi Paris wala Mombasa kwa miguu. Hushuka kilimani kwa pikapu, na pikapu yenyewe mara nyingi ni ya dizeli, tena imemzidi umri dereva wake.

Huko kuna jambo ambalo dereva wa pwani hulisahau. Kwetu baharini maji huchemka kwa joto la nyuzi 100. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni ule mfuniko wenye springi. Ukiwa mzima huyabana maji, yakaweza kufika nyuzi 115 hivi kabla ya kutokota. Ukifa, gari lililotulia Mombasa litachemka Kisii, na wenyewe wataanza kuilaumu injini.

Ng'ombe aliyekuwa auzwe

Nilimkuta kijana mmoja mchukuzi wa mawe, pikapu yake ikinywa maji lita mbili kwa siku, na chini yake pakavu, hata tone. Jirani zake walikwisha kutoa hukumu: silinda hedi imepasuka, ing'olewe. Naye alikwisha kuazimia kuuza ng'ombe.

Kabla ya kuuza akaenda kwa fundi mmoja wa makamo, ambaye watu walimwita "omogaka", kama sisi tunavyosema "mzee".

"Omogaka, fungua leo leo, mzigo wa watu unangoja," kijana alisihi.

"Mwanangu," fundi akamjibu, "gari likiwa moto husema uongo. Nenda kalale, uniletee kesho kabla sijanywa chai."

Asubuhi aliifungua rejeta ikiwa baridi kabisa. Kwanza akautazama mfuniko: raba yake imekauka kama ngozi ya kiatu cha kale. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi kama dizeli ilivyozoea kuifanya, si rangi ya chai ya maziwa. Basi maji hayakuingia kwenye oili. Akawasha injini, rejeta i wazi, akainama kuangalia. Mapovu machache yalitoka, yakakoma. Lau yangaliendelea kububujika bila ya kukoma, ingekuwa pumzi ya silinda inapenya kwenye maji, na hapo gasketi au silinda hedi ingekuwa na kesi ya kujibu. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi nao ukatoweka injini ilipopata joto; moshi wa maji yanayoungua ndani haukomi.

Karibu na hapo mchongaji alikuwa akigonga jiwe kwa ncha ya patasi, akitega sikio. Kisha akalilowesha, akangoja. Mahali penye ufa hubaki unyevu baada ya kwingine kukauka. Nikaona kwamba kazi ni mbili lakini elimu ni moja: maji ndiyo yanayofichua ufa, kwa mwenye subira ya kuyatazama.

Fundi akachukua tochi, akaanza kufuata njia ya maji. Chini ya pampu ya maji akaona utando mweupe, mfano wa chumvi iliyokaukia mwambani. Pampu huachiwa kitundu kidogo kwa makusudi, ili muhuri wa ndani ukichakaa maji yatokee hapo yatoe habari. Maji yalivuja injini ikizunguka, yakaangukia chuma cha moto, yakawa mvuke. Ndiyo sababu chini palikuwa pakavu. Hukumu ikawa pampu na mfuniko. Ng'ombe akabaki zizini.

Maswali ya kuuliza

Kila gari lina kisa chake, ila maswali ni yale yale. Je, huchemka likisimama au likitambaa mjini, likipoa barabarani? Tazama feni na mkanda wake. Huchemka likipanda mlima tu? Shuku rejeta iliyoziba, themostati isiyofunguka, pampu iliyochoka, au mfuniko kama ule. Mpira wa juu huwa mgumu kama mti dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi? Hapo shuku gasketi. Zulia la ndani limelowa? Tazama kile kirejeta kidogo cha kupashia joto. Themostati nayo ni rahisi kuijaribu: itie katika sufuria ya maji jikoni, na maji yakikaribia nyuzi 80 na ushei uione ikifunguka.

Nasi wa pwani tujiulize swali letu wenyewe: maji tunayotia yatoka wapi? Visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi hula aluminiamu, na chokaa huziba vijia vya rejeta. Tia maji ya mvua au yaliyosafishwa, pamoja na kulanti. Lakini kulanti ni sumu tamu; usiimwage mahali ambapo mtoto au mbuzi ataionja.

Kuna na dawa za njiani: yai bichi, pilipili manga, kipande cha sabuni. Huziba tundu, kweli, na huziba rejeta vile vile. Wengine huing'oa themostati wakaitupa, gari likawa baridi na kula dizeli bure. Na injini ikichemka usiimwagie maji baridi, kwani silinda hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka. Wala mfuniko usiuguse ungali moto. Maji yaliyobanwa humrukia mtu usoni, na wako walioungua kwa haraka ya dakika kumi.

Chuoni tulifunzwa kwamba kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Mwenye gari anayebeba roho za watu na riziki zao hana budi kufuata kanuni hiyo. Asubuhi, kabla ya ufunguo, afungue boneti, aupime ujazo wa maji. Na yakipungua asitie tu, auulize mpungufu huo njia yake. Mungu ndiye mlinzi, lakini kitundu cha pampu kimewekwa ili mtu akitazame.