Uchachu wa Mvinyo Hupunguzwa na Bakteria, Si Sukari

Mtengenezaji wa mvinyo akiona uchachu umezidi, mara nyingi hukimbilia sukari. Sukari huufunika uchachu ulimini tu. Asidi hubaki palepale, na hamira iliyo hai hupata chakula kipya. Dawa ya kweli ni bakteria aitwaye Oenococcus oeni, anayefanya kazi hasa baada ya hamira kumaliza sukari. Huyu huichukua asidi maliki, ile inayolifanya tufaha bichi liwe chachu, akaigeuza kuwa asidi laktiki, iliyomo kwenye maziwa mgando, na kutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Gramu 1 ya maliki huacha takribani gramu 0.67 za laktiki, nayo laktiki ni asidi dhaifu zaidi. Ndiyo maana mvinyo hulainika.

Wapo watakaouliza: si bakteria hao hao wanaogeuza pombe kuwa siki? La. Wa siki ni kundi jingine, nao huhitaji hewa. Pipa lililojazwa hadi juu na kufungwa vizuri huwanyima nafasi. Hoja nzito zaidi inatoka Dodoma. Huko joto huifanya zabibu itumie sehemu kubwa ya maliki yake ingali shambani, hivyo kuipunguza tena kunaweza kuufanya mvinyo upooze na kukaribisha vijidudu waharibifu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupima kwanza: maliki ikiwa kidogo, bakteria azuiwe kwa salfa dioksaidi na kwa kuchuja.

Kwetu Kizwite, mjini Sumbawanga, hatari iko upande wa pili. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na bakteria huyu hupenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Baridi ya Juni na Julai humlaza bila kumuua. Mvinyo wa matunda uliotiwa kwenye chupa wakati huo huonekana umetulia. Ukiteremshwa Bonde la Ziwa Rukwa, joto humwamsha, mvinyo hupata ukungu na gesi husukuma kizibo. Basi chumba kipashwe joto, kisha mvinyo upimwe kwa kromatografia ya karatasi: doa la njano la maliki likitoweka, kazi imekwisha. Kusubiri kipimo hicho ni gharama ndogo kuliko kupoteza shehena nzima na imani ya mnunuzi.