Mwendo Machoni pa Msikilizaji: Kitenzi na Taswira Katika Hadithi

Katika mhadhara huu sitajadili mafunzo ya hadithi, bali jambo linaloyatangulia: msikilizaji huonaje mwendo ambao haumo mbele ya macho yake?

Tumchukue mtoto wa Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, ambaye nyumbani huzungumza Kigogo na darasani hufundishwa kwa Kiswahili. Anaambiwa, "Fisi akaja kisimani." Siku nyingine anaambiwa, "Fisi akaenda kisimani." Mnyama ni yule yule, kisima ni kile kile. Hata hivyo, sentensi ya kwanza humsimamisha mtoto kando ya maji, fisi akimkaribia. Ya pili humwacha nyuma akiutazama mgongo wa fisi. Kiambishi -ni hakimsaidii, kwani "kisimani" huweza kuwa mahali pa kutoka, pa kukaa au pa kufikia. Kitenzi ndicho kinachoubeba uelekeo. Linganisha pia "alikimbia msituni" na "alikimbilia msituni": kauli ya kutendea peke yake humpa mkimbiaji kikomo.

Leonard Talmy, mwaka 1985, alizipambanua lugha kwa kigezo hiki. Kiingereza aghalabu huweka namna ya mwendo katika kitenzi, na uelekeo hubebwa na neno dogo linalofuata. Kiswahili huegemea upande wa pili: "alitoka shimoni mbio". Namna huja baadaye au haiji kabisa, mpaka msimulizi hodari alete tanakali, "chubwi!", na hapo hata mtu mzima hushtuka.

Mwaka 2011 Engelen na wenzake, nchini Uholanzi, walionyesha kwamba watoto wa miaka 7 hadi 13 huitambua upesi zaidi picha inayolingana na umbo au mkao uliodokezwa na sentensi. Zwaan na wenzake walikwisha kuliona hilo kwa watu wazima. Teenie Matlock, mwaka 2004, aligundua kwamba aliyesoma habari za safari ya polepole hukawia kuielewa sentensi inayosema barabara "inakwenda" mahali fulani. Nasi husema barabara inakwenda Kondoa, ingawa haijapata kuondoka Makutupora!

Basi mtahini anayefasiri maswali ya Kiingereza neno kwa neno, akauliza mnyama alitembea vipi, hupima jambo ambalo sentensi ya Kiswahili haikulisema. Mtoto akinyamaza, huandikiwa kwamba hakusikiliza. Aulizwe kwanza fisi alikuwa akielekea wapi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama wapi.