Kazi ya Mkimbiaji na Mapato Yake

Ninyi mlio madarasani Katesh, Endasak, Basotu, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini, kaeni karibu na redio mpate kusikia vizuri. Aliye na daftari na penseli aviweke tayari, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Leo tutazungumza juu ya kazi ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa kazi. Ninyi mnaokaa huko juu mmewaona vijana wakikimbia barabarani alfajiri, wakati umande haujakauka. Wazee wengine huuliza, "Huyu anakimbia nini, na wala hakuna anayemfukuza?" Swali hilo ni zuri. Kwa kijana mwingine jibu lake ni hili: anakimbilia riziki. Basi yafaa mzazi, ndugu na kijana mwenyewe waijue kazi hiyo ilivyo: faida zake, hatari zake, na mwisho wake.

Tuanze na mtu wa kwenu. Gidamis Shahanga alizaliwa Katesh mwaka 1957, chini ya mlima Hanang. Mwezi wa Agosti 1978, kabla hajatimiza miaka 21, alikwenda Kanada kushindana katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Kanada mnaijua. Ndiyo nchi iliyosaidia kuanzisha yale mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, mashamba yaliyozusha pia ugomvi wa ardhi na wafugaji.

Shahanga aliingia katika mbio za marathoni. Urefu wa mbio hizo ni kilometa 42 na mita 195. Wakanada walimtegemea mtu wao, Jerome Drayton, ambaye mwaka uliotangulia alishinda mbio za Boston huko Marekani. Lakini aliyefika wa kwanza ni kijana wa Katesh. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 40. Drayton alifika nyuma yake kwa zaidi ya nusu dakika, akawa wa pili, na Mkanada mwingine, Paul Bannon, akawa wa tatu.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Michezo ya riadha ya mwaka ule ilifanyika katika uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili hiyo. Mwaka uleule timu ya Edmonton ya mpira wa Kanada ikaanza kuutumia uwanja huohuo. Mpira wa Kanada si kandanda yetu. Mpira wenyewe una umbo kama yai, huchukuliwa mikononi, na kila timu huwa na watu 12 uwanjani. Katika timu hiyo yuko mtu ambaye kazi yake hasa ni kupiga mpira kwa mguu. Hukaa kando, huitwa, hupiga, kisha hutoka. Akiupitisha katikati ya milingoti, timu yake hupata pointi 3. Huko Edmonton Dave Cutler aliifanya kazi hiyo tangu mwaka 1969 mpaka 1984.

Linganisheni watu hawa wawili. Wote wawili walitumia miguu yao. Mmoja alipiga mpira mara chache kwa siku, naye alikuwa na mkataba na mshahara. Mwingine alikimbia zaidi ya saa mbili, akaishinda Jumuiya ya Madola nzima, akarudi nyumbani na nishani. Kwa nini? Si kwamba kazi ya mmoja ilikuwa rahisi na ya mwingine ngumu. Tofauti ilikuwa sheria. Wakati ule sheria za riadha za dunia zilikataza mkimbiaji kulipwa. Aliyepokea fedha wazi aliweza kufungiwa asikimbie tena.

Mwaka 1982 sheria hiyo ikaanza kulegezwa. Mkimbiaji akaruhusiwa kuwekewa fedha katika mfuko maalumu, na baadaye zawadi zikatolewa waziwazi. Mwaka huohuo Shahanga alikwenda Brisbane, Australia, akashinda mbio za mita 10,000, akimtangulia Mtanzania mwenzake Zakaria Barie kwa chini ya sekunde moja. Alipata pia nafasi ya kukimbia kwa ajili ya chuo kikuu cha El Paso, Texas, huko Marekani. Mwaka 1984 alishinda marathoni ya Rotterdam, Uholanzi. Mwaka 1990 akashinda ya Vienna, Austria, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28. Na ndugu yake, Alfredo Shahanga, alishinda ya Berlin mwaka 1989.

Hebu fanyeni hesabu ya kwanza. Toka 1978 mpaka 1990 ni miaka mingapi? Ni miaka 12. Hiyo ni kazi ndefu kwa mkimbiaji, wengi hawafikishi. Lakini mwaka 1990 Shahanga alikuwa na miaka 32 tu. Mkulima wa miaka 32 ndiyo kwanza ana nguvu za kufungua shamba. Mkimbiaji wa umri huo yuko karibu na jioni ya kazi yake. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika: kazi hii huisha mapema, na maisha yanabaki.

Jambo la pili ni mwili. Hali ya nchi yenu ni msaada. Katesh na Mbulu ziko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi, basi mwili hujifunza kutengeneza damu inayobeba hewa vizuri. Mtu huyo akishuka kukimbia chini, hupumua kwa urahisi. Lakini mwili uleule unaweza kuvunjika kwa dakika moja. Mnamkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, alianguka na kuumia goti. Wakimbiaji 75 walianza mbio zile. Waliomaliza ni 57, naye Akhwari alikuwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, giza limeingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Dunia nzima inamsifu kwa jibu lile, na ni haki yake. Lakini sisi tunaojifunza habari ya kazi tuongeze jambo moja. Heshima haijazi ghala. Akhwari alirudi Mbulu, akalima. Jembe lilimngoja, naye alijua kulishika. Kijana anayekimbia leo asiuze shamba lake eti kwa sababu anakwenda Ulaya.

Jambo la tatu ni fedha zenyewe. Hapa ndipo penseli inapotakiwa. Mwaka 2023 Mtanzania Gabriel Geay alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston, nyuma ya Mkenya Evans Chebet kwa sekunde 10. Zawadi ya mtu wa pili ilikuwa dola 75,000. Watu wakisikia hivyo husema, "Huyu amekwisha kuwa tajiri." Ngojeni kwanza. Tufanye mfano wa darasani, si hesabu ya mfuko wa mtu yeyote.

Kwa kawaida serikali ya Marekani hukata kodi sehemu 30 katika kila 100 kwa mchezaji mgeni. Sehemu 30 katika 100 ya dola 75,000 ni dola 22,500. Yuko pia wakala, yaani mtu anayemtafutia mkimbiaji mashindano na kupatana na wenye mashindano. Aghalabu huchukua sehemu 15 katika 100. Hizo ni dola 11,250. Jumlisheni: 22,500 na 11,250 ni 33,750. Toeni katika 75,000. Zinabaki dola 41,250.

Ni fedha nyingi bado. Lakini ndani yake yuko kocha, yamo matibabu, chakula na nauli za miezi ya mazoezi. Tena mkimbiaji wa marathoni kwa kawaida hukimbia marathoni mbili tu kwa mwaka, kama mkulima mwenye misimu miwili ya mvua. Akiugua msimu mmoja, nusu ya mavuno imepotea. Na zawadi hizo ni za wachache wa mbele. Yule anayefika nyuma ya hao hurudi na jasho lake. Wala fedha mara nyingi hazitolewi siku ileile. Hungojea kwanza vipimo vya kuonyesha kuwa mkimbiaji hakutumia dawa zilizokatazwa. Kwa hiyo asikubali dawa au sindano ya mtu yeyote bila kuuliza ni kitu gani. Mwenye mwili ndiye atakayejibu.

Msidhani nawakatisha tamaa. Watanzania wanashinda. Mwaka 2005, katika mji uleule wa Edmonton, Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa wanawake. Basi wazazi, binti akionyesha mbio msimzuie kwa kuwa ni binti. Na mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, akimpita wa pili kwa sehemu ndogo sana ya sekunde moja. Kazi ipo. Lakini anayeiingia gizani huumia.

Sasa nafika kwenye jambo la nne, nalo ndilo linalotuhusu sisi wa darasa hili kuliko mengine yote. Mkimbiaji akianza kujulikana, huletewa karatasi. Karatasi hiyo ni mkataba. Huenda imeandikwa kwa lugha ya kigeni, kurasa nyingi, na aliyeileta ana haraka. Husema, "Tia sahihi hapa, ndege inaondoka." Asiyejua kusoma huweka kidole gumba. Anayejua kusoma lakini mwenye haya, hutia sahihi bila kusoma. Wote wawili wamefungwa sawasawa.

Kabla ya kutia sahihi, kijana atafute majibu ya maswali matano. La kwanza, mkataba huu ni wa miaka mingapi? La pili, wakala anachukua sehemu ngapi katika 100, na anazichukua kabla ya kodi au baada yake? La tatu, zawadi inaingia katika akaunti ya nani kwanza? La nne, nikiumia na nisiweze kukimbia, malipo yanaendelea, yanapunguzwa, au yanakoma? La tano, nikitaka kuuvunja mkataba, njia ni ipi? Kama jibu moja halimo katika karatasi, basi lisihesabiwe kuwa limeahidiwa. Maneno ya mdomo huruka na upepo. Mkimbiaji abaki na nakala yake, na mkataba wa lugha asiyoijua apelekewe mwanasheria au mtu anayemwamini amfasirie.

Na mzazi afanye nini? Kijana akiwa safarini, mara nyingi mzazi ndiye anayepokea fedha nyumbani. Kama hujui kusoma hati ya benki, utamtegemea jirani akusomee, na siri ya mwanao itakuwa ya kijiji kizima. Lakini ukiwa na daftari lenye safu mbili, zilizoingia na zilizotoka, mwanao atakaporudi mtahesabiana kwa amani. Ng'ombe aliyenunuliwa aandikwe. Ada ya mdogo wake iandikwe. Fedha za mbio huja kwa kishindo na kuondoka kimya kimya. Daftari ndilo linaloonyesha zilikopitia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msione kwamba mbio ni za wenye miguu na darasa ni la wenye muda. Mkimbiaji hodari asiyesoma hukimbia kwa faida ya mwingine. Yule mpiga mpira wa Kanada alikuwa na mkataba alioweza kuusoma. Kijana wa Hanang au Mbulu anastahili vivyo hivyo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini nishani ya Shahanga ya mwaka 1978 haikuwa na malipo?
2. Zawadi ni dola 40,000. Kodi ni sehemu 30 katika 100, na wakala huchukua sehemu 15 katika 100 ya zawadi yote. Zinabaki dola ngapi?
3. Taja mambo matano ya kutafuta katika mkataba.
4. Katika kijiji chenu, mkimbiaji aliyemaliza kazi yake akiwa na miaka 32 angeweza kufanya kazi gani? Ni nini angalipaswa kuandaa mapema?

Jibu la swali la pili liandikeni katika madaftari, mkamwonyeshe mwalimu wenu.