Kazi na Mfanyakazi katika Picha za Joseph Pennell

Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda, madaraja na dohani zilizofuka moshi viliwavutia wachapaji wengi wa picha wa Ulaya na Marekani. Miongoni mwao alikuwa Joseph Pennell (1857-1926), mzaliwa wa Philadelphia, ambaye mada hiyo aliiita ajabu ya kazi. Makala haya yanafafanua uhusiano wa fani na maudhui katika picha hizo.

Pennell alitumia mbinu mbili kuu. Katika mbinu ya kwanza, bamba la shaba hupakwa nta, kisha msanii huchora kwa sindano hadi shaba ionekane. Bamba litiwapo katika asidi, mistari hiyo pekee hulika. Ndiyo inayojazwa wino na kuchapwa karatasini kwa shinikizo. Mbinu ya pili ni litografia, ambayo msingi wake ni kwamba mafuta na maji hayachangamani. Jiwe lililochorwa kwa kalamu ya mafuta huloweshwa maji, na wino hushika penye mchoro tu. Aidha, mchoro waweza kufanywa kwenye karatasi maalumu, kisha ukahamishiwa jiweni. Hivyo msanii huchora papo hapo kazini bila kubeba mawe.

Ndivyo alivyofanya Pennell mwaka 1912 alipozuru Panama, mfereji ukiwa bado unachimbwa. Kalamu ya mafuta, yenye weusi mzito na kijivu laini, iliafiki moshi, vumbi na kuta kubwa za malango ya maji ya Gatun na Miraflores. Katika picha hizo mashine hutawala anga, ilhali binadamu ni vidoa vidogo, mithili ya siafu.

Vidoa hivyo vilikuwa watu. Wengi wao walikuwa weusi kutoka visiwa vya Karibi, hususan Barbados, waliolipwa ujira duni kuliko Wamarekani weupe. Kumbukumbu rasmi zataja vifo 5,609 vilivyotokana na maradhi na ajali kati ya 1904 na 1914.

Kwa hiyo, ukubwa na udogo katika picha hizi si suala la vipimo tu, ni msimamo. Msanii aliyeisifu kazi alimfifiza mfanyakazi. Mhakiki wa sanaa, sawa na mhakiki wa fasihi, hana budi kuchunguza yaliyotamkwa pamoja na yaliyonyamaziwa.