Maji ya Moto katika Nchi ya Baridi

Kaskazini ya Ulaya, katikati ya bahari, kuna kisiwa kiitwacho Islandi. Huko baridi ni kali, na barafu hufunika milima mikubwa. Lakini chini ya udongo mna moto, kama chini ya mlima wetu Nyiragongo.

Katika milima ya kisiwa hicho pana mahali paitwapo Landmannalaugar. Hapana kijiji wala shamba. Theluji hufunga barabara miezi mingi. Magari ya kawaida hufika katika miezi ya joto tu, nayo pengine huvuka mito isiyo na daraja.

Maji ya moto yatoka wapi? Maji ya mvua na ya theluji huingia katika nyufa za mawe, hushuka chini sana, hukuta mawe ya moto. Maji yakipata moto huwa mepesi, basi hupanda tena. Pengine hutoka kama mvuke wenye harufu ya mayai mabovu. Mvuke huo hugeuza mawe. Ndiyo sababu milima ya huko ni ya manjano, nyekundu na kijani.

Hapo kijito cha moto huungana na kijito cha baridi, na maji hufaa kuoga. Tangu zamani watu waliotafuta kondoo zao milimani walipumzika hapo. Leo wageni huja kutembea kwa miguu. Njia moja ya kilometa 55 huenda mpaka bonde la Thórsmörk. Wengi huimaliza kwa siku nne, wakilala katika nyumba ndogo za wasafiri.

Lakini angalieni! Penye mvuke, udongo wa juu ni mwembamba kama ganda la mkate, na chini yake maji huchemka. Mtu akiacha njia, mguu waweza kuzama, naye ataungua vibaya.

Tena hewa hugeuka upesi. Mwisho wa Juni 2004, kijana mmoja aliyetembea peke yake alikufa kwa baridi katika tufani ya theluji. Nyumba ambamo angalipona ilikuwa karibu.

Basi msafiri mwenye akili humwuliza mlinzi wa nyumba habari za hewa, huchukua nguo za joto, hufuata alama za njia. Akiona hatari hurudi, wala haoni haya.

Maulizo
1. Kwa nini maji ya moto hupanda juu?
2. Kwa nini ni hatari kuacha njia penye mvuke?
3. Msafiri hufanya nini kabla ya kuondoka?